Majani Yasiyovuka Mlango Ule

Jikoni asubuhi ile tulikuwa mimi, mpishi. Mwalimu mkuu wa shule ya chekechea, ambaye wote tulimwita Madamu. Mama aliyeniuzia mboga, kikapu bado kichwani. Mdogo wangu wa mwisho, ameketi juu ya gunia la makaa. Mvulana mmoja wa darasa lake. Na bibi yake mvulana huyo, ambaye kwa heshima ya Kampala tulimwita jajja. Jajja aliingia bila kubisha hodi.

Baba yetu alikuwa polisi, mtu wa kaskazini. Alipokufa tulitoka kambini Naguru, na mama alipomfuata, sisi wanne tulihamia chumba kimoja chini ya kilima. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule kidato cha pili nikaanza kupika. Madamu hakuwa na mshahara wa maana wa kunipa, lakini tulipatana: maadamu napika, mdogo wangu atasoma pale na kula pale bila ada. Jiko lile ndilo lililokuwa kiti chake darasani. Nikilipoteza, naye anatoka.

Nilikuta watoto wakipewa chai ya rangi na mkate. Nikamwomba Madamu anijaribu. Alfajiri nilikuwa nakwenda Ggaba kutafuta mukene, dagaa wetu wa ziwani, nikichagua waliokaushwa juu ya nyavu, kwa sababu wa mchangani huwakwaruza watoto meno. Viazi vitamu, maboga na majani nilinunua kwa yule mama wa mboga, wa kwetu kaskazini. Siku moja alileta majani ya kunde. Nikayapika kama mama alivyoyapika, na karanga na ufuta uliokaangwa ukasagwa. Watoto waliramba sahani. Yule mvulana alirudi nyumbani akimsumbua jajja ampikie mboga kama ya shuleni.

Ndiyo maana jajja alikuja. Alichukua jani moja kikapuni, akalinyoosha kwenye mwanga wa mlango.

"Nani alimpa mjukuu wangu hili?"

"Mimi, jajja," nikasema, nikapiga magoti.

"Wewe wa wapi?"

"Wa kaskazini, jajja. Nimezaliwa kambini."

"Nilijua. Kiswahili changu mimi ni cha kuuzia askari maandazi, lakini nisikilize vizuri. Mtoto huyu ni wa ukoo wa kunde. Kunde ndiyo muziro wao. Hawali kunde, hawali majani yake. Babu yake ameingia kaburini hajaonja."

Nilikuwa nimewauliza wazazi mtoto yupi hudhuriwa na karanga na yupi maziwa humsumbua tumbo. Ukoo sikuuliza. Kambini tulikula popote sufuria ilipoepuliwa, watoto wa makabila yote, na hakuna aliyeuliza mwenzake ni wa ukoo gani.

Madamu aliomba radhi kwa niaba yangu, kisha kwa niaba ya shule, kisha akasema neno nililokuwa naliogopa.

"Jajja, kuanzia kesho tunarudi kwenye chai na mkate. Mkate hauna ukoo. Na chai haihitaji mpishi."

Mdogo wangu aliacha kuchezesha miguu.

"Chai na mkate?" Jajja alimtazama Madamu juu hadi chini. "Kwani mjukuu wangu analinda benki usiku, akeshe kwa chai? Mtoto ndiyo kwanza ameota mashavu, wewe unataka kuyarudisha dukani!"

Mama wa mboga alicheka, akaziba mdomo.

"Lakini muziro, jajja..." Madamu akasema.

"Muziro ni wetu, tutautunza wenyewe. Aliyekula hakujua, aliyepika hakujua." Akanigeukia. "Nani alikufundisha kupika?"

"Mama."

"Mwambie aje nimwone."

Mdogo wangu ndiye aliyejibu, palepale juu ya gunia: "Tulimzika."

Jajja alilirudisha jani kikapuni polepole, kana kwamba lingevunjika.

"Madamu," akasema, "huyu utamwacha jikoni. Ataweka sufuria mbili. Siku ya kunde, wangu atakula dodo, mchicha wetu, nitaileta mwenyewe kutoka shambani kwangu. Na kila mtoto mpya akija, muulizeni mzazi ukoo kabla ya jina."

Madamu aliitika. Hivyo mdogo wangu alibaki darasani.

Jajja aliniita nje, nyuma ya tangi la maji.

"Mimi sikuzaliwa katika ukoo ule, niliolewa tu," alisema kwa sauti ya chini. "Kwetu majani haya tuliyala kila msimu wa mvua. Tangu niolewe sijayagusa, maana hayavuki mlango ule wa nyumba ya mume wangu. Sasa una deni langu, wewe mtoto. Nitakuja chumbani kwenu unipikie kama mama yako. Na usiniletee ubahili wa ufuta."

Nikamwahidi.

Kila siku ya kunde alileta dodo yake, imefungwa kwenye jani la mgomba. Deni tuliliahirisha. Nilitaka kwanza ufuta wa nyumbani, si wa sokoni. Ulipofika, mvua ilikuwa imechelewa na majani hayakupatikana. Kisha jajja akaanguka bafuni, nyonga ikavunjika.

Mdogo wangu sasa yuko shule ya msingi. Mimi bado napika palepale, sufuria mbili. Ijumaa nikitoka shuleni huwa namtembelea jajja nikiwa na viazi na mukene. Analala chumba cha ndani, na hata kumgeuza kitandani humliza. Hakuna gari la kumfikisha kwangu. Wala mimi siwezi kuyaingiza majani yale katika nyumba ambamo ameyanyima nafasi tangu aolewe, hata kama wanawe hawapo, hata kama kaburi la mumewe, pale nje ya dirisha, halisemi.

Wakati mwingine hunishika mkono, akaunusa.

"Leo umewapikia kunde," husema.

"Ndiyo, jajja."

"Na deni langu?"

"Lipo, jajja."

"Usilisahau."

Sijalisahau. Ufuta umo kwenye kopo, juu ya kabati letu.