Samaki wa Baba Waliopotea Tangini

Naandika haraka kabla sijaanza kulia tena. Samaki wa baba wamekwisha. Walikuwa saba, na mmoja mmoja wamepotea ndani ya tangi la kioo lililoko ukumbini kwetu. Hatukukuta mzoga, wala mfupa, wala gamba.

Baba alikuwa mvuvi hapa Lamu mpaka mwaka jana alipopata kiharusi. Upande wa kulia wote ulikufa, na ulimi ukafungwa. Anatoa sauti tu, "aa, aa," na mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi. Kakangu anafanya kazi hoteli moja kule Manda. Alipewa tangi hilo na mgeni aliyekuwa anarudi kwao, pamoja na pampu yake na samaki saba. Akalileta kwa boti, akaliweka kwenye ukuta wa kibla, kwa sababu kitanda cha baba kinatazama huko.

"Sasa mume wangu atasali akiangalia samaki?" mama aliuliza.

"Mama, si amewaangalia maisha yake yote?" kaka akamjibu. "Tofauti ni kuwa hawa hawauzwi."

Baba alicheka. Nusu ya mdomo tu, lakini alicheka, na tulikuwa hatujamuona akicheka tangu augue. Basi kila siku baada ya chai namgeuza ubavu, anawatazama mpaka jioni. Aliyempenda zaidi ni kitatange mmoja wa manjano. Akipita mbele ya kioo, baba anatoa ile "aa" ndogo ya furaha.

Kazi ya tangi ni yangu. Nimemaliza kidato cha nne, nangoja chuo, sina jingine. Nateka maji ya bahari kwa madumu, nasafisha kioo, nalisha.

Mwezi uliopita niliona tangi limepooza. Nikaenda Manda maji yamekupwa, nikachagua jiwe la matumbawe, zuri, limejaa matundu, limeota vitu vya zambarau. Sikuliosha kwa maji ya bomba, maana kaka alisema yataua uhai wa jiwe. Nikaliweka katikati. Baba akalitazama siku nzima.

Siku ya tatu, samaki mmoja, kangaja, hayuko. Wiki ile ile wakaondoka wawili wengine.

Nikamlaumu paka. Nyumba zetu hizi paka huingia kama waalikwa wa harusi. Nikamfukuza mmoja kwa ufagio, nikafunika tangi kwa wavu wa zamani wa baba, nikaubana kwa mawe.

"Paka hana ndia ya kupita hapo," mama alisema. "Una mato wewe au una vifungo usoni? Wavu haujaguswa."

"Basi nani? Mimi ndiye ninayewala?"

"Sijasema. Lakini unanenepa."

Kaka naye kwenye simu: "Labda wamechoka na chakula chako, wamerudi Pate kwa jamaa zao."

Siku zile zile baba akaanza kuinua kidole. Kidole cha shahada, cha mkono wa kushoto, kimeelekea kibla. "Aa, aa, aa." Mara ya kwanza mama aliangua kilio, alidhani baba anashahadia, ndio anatuaga. Mkono wa kulia umekufa, atashahadia kwa upi?

Mimi nikajiona mwerevu. Nikasema hapana, anataka kusali. Nikaleta sahani ya mchanga safi, nikamtayamamisha, nikampangusa uso na mikono, nikamwambia, "Haya baba, Allahu akbar." Akatikisa kichwa. "Adhuhuri haijaingia? Basi sali sunna." Akatikisa tena, machozi yanamtoka. Nilidhani ni khushui ya sala. Wallahi nilidhani hivyo.

Ikawa hivyo kila siku, na mimi sina subira. Mwisho nilikuwa naushika ule mkono, naulaza kifuani pake na kuukandamiza. "Baba, umeshasali, tulia."

Jana saa tano asubuhi stima ikapotea. Pampu ikazima. Alikuwa amebaki kitatange peke yake, na maji yalipokosa hewa akapanda juu, anahema. Nikatoa wavu, nikaanza kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina tena ili yapate hewa. Kidole cha baba kikainuka.

"Ngoja kidogo baba, nakuletea mchanga wako."

Nikageuka kuchukua sahani. Nikasikia maji yamepiga, na baba akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Nilipotazama, kichwa kilikuwa kimetoka kwenye tundu la jiwe langu. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Mnene kuliko dole gumba langu, amembana kitatange mdomoni. Akarudi naye ndani. Mkia wa manjano ulibaki nje kidogo, kisha nao ukaingia.

Baba amevua mikunga tangu ujana wake. Alimuona mapema, maana yeye alikuwa akilitazama lile jiwe mchana kutwa na mimi nilikuwa napita tu. Alikuwa ananiambia nilitoe. Na mimi nikampaka mchanga usoni.

Nililitoa kwa mikono, nikalitia kwenye ndoo, nikakimbia nalo mpaka pwani nikalitupa. Nikarudi nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, nisamehe. Ulikuwa unanionyesha. Baba, niambie lolote."

Mkono ulikuwa umelala kifuani, pale pale nilipozoea kuulaza.

Leo asubuhi kaka amepiga simu. Anasema Ijumaa ataleta samaki wengine wanne, na mmoja ni kitatange. Nikaweka simu sikioni mwa baba amsikie mwenyewe. Akaisukuma kwa mkono wa kushoto, akageuza uso upande wa mlango, akafumba macho.

Hilo nimelielewa mara ya kwanza. Nikamwambia kaka asilete.