Mafiga Ndani ya Tangi la Samaki

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka safari ya shule kule Kiberege, begi limemlemea upande mmoja. Nikadhani kaleta maembe. Alipolimwaga sebuleni yakatoka mawe manne ya mtoni, ya mviringo, mazuri kweli. "Mama, nimeleta mapambo ya samaki wetu," akasema, na kabla sijajibu mkono mmoja ulikuwa umeshazama kwenye tangi mpaka kiwiko. Rafiki yangu, nilipiga kelele mpaka jirani akatokea mlangoni na mwiko mkononi. Mtoto akalia. Nami nikakaa chini sakafuni, mtu mzima mwenye kazi yake, nikalia kuliko yeye.

Sikumweleza sababu siku ile. Wewe nitakueleza.

Nilikulia hapa hapa Ifakara, kwenye nyumba ya bibi mzaa mama, mtaa ambao nyumba ya mwisho ikiisha yanaanza majaruba ya mpunga. Bibi alikuwa mjane wa mvuvi wa Lupiro. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko Kidatu, tukimwona mwisho wa mwezi akija na sukari na miwa ya kutafuna. Mama alikuwa fundi cherehani, na mbele ya cherehani yake, pale ambapo watu wengine wangeweka redio, palikuwa na tangi la kioo lenye perege watano wadogo.

Tangi lile alilitengeneza jirani yetu fundi vioo, kwa mabaki ya kioo cha dirisha la duka. Perege mama aliwachukua wazima kwa wavuvi pale kivukoni, enzi hizo daraja halijajengwa na watu tukivuka mto kwa pantoni. Mtaa mzima ulitucheka. Sisi watu wa mto bwana, perege tunamjua akiwa kwenye kikaango, ngozi imekakamaa, pembeni wali wa mchele mpya unaonukia mpaka barabarani. "Hiyo mboga mnaifuga?" watu walimtania mama. "Ikinenepa tuite!" Mama alicheka nao, akaendelea kushona. Macho yakimchoka aliinua kichwa akawatazama samaki wake, kisha akarudi kwenye pindo.

Humo ndani hamkuwa na pambo lolote ila mchanga na kigogo kimoja kilichofungwa kwa kamba kwenye kipande cha kigae kisielee. Nilimsumbua mama tuwajengee nyumba. Kila siku jibu lilikuwa moja: haraka haraka haina baraka.

Nilipokuwa darasa la tatu mama aliota uvimbe tumboni. Ulianza kama utani, watu wakimpongeza kwa ujauzito usiokuwepo. Kufika masika alikuwa amekonda mikono na shingo, na baba akaomba ruhusa kazini, akampeleka Dar es Salaam. Asubuhi ya safari mama aliniita mbele ya tangi. Alikuwa amejifunga kanga mbili na bado alitetemeka. Akaniambia, "Nikirudi nikute wazima wote watano. Halafu tutawajengea hiyo nyumba yako."

Basi mimi, kwa akili ya miaka tisa, nikafunga mkataba na Mungu bila kumwambia mtu. Samaki wakiwa wazima, mama anarudi. Niliwapa pumba kidogo kidogo kama alivyonifundisha, nikawahesabu asubuhi kabla ya kunawa uso, nikawahesabu nikitoka shule. Watano. Mama mzima. Siku moja mmoja alijificha nyuma ya kigogo, nikahesabu wanne, nikatapika uji wote.

Wiki zikapita. Mpunga ukaanza kuiva, na wewe unajua huku kwetu mpunga ukiiva mtaa unahama. Watu wote wanakwenda kulala shambani kuamia ndege, nyumba zinabaki na kufuli. Mwaka huo mtaani tulibaki bibi na mimi, na fundi vioo na mkewe. Ukimya ule ulinitia hofu. Nikaanza kufikiri kwamba labda kuwahesabu samaki hakutoshi. Labda nikifanya zaidi, nikiwajengea nyumba mimi mwenyewe, mama atakuta kazi imekwisha na hatakuwa na sababu ya kuchelewa.

Tatizo likawa mawe. Ifakara ni ardhi ya mafuriko, ukichimba unapata tope na chini yake tope. Mawe pekee niliyoyajua yalikuwa mafiga matatu ya bibi, yaliyoletwa zamani kutoka chini ya milima. Tangu anunue jiko la mkaa yalikuwa yamekaa tu nyuma ya jiko. Bibi alikuwa na msemo wake akitaka tusaidiane kazi: figa moja haliinjiki chungu. Nami nikaona, kama mafiga matatu yanabeba chungu cha maharage ya kuchemka tangu asubuhi, yatashindwaje kubeba kachungu kadogo mle ndani? Niliyasugua masizi siku nzima. Jumatano nikayapanga juu ya mchanga, nikayazamisha kidogo vile bibi alivyoyazamisha kwenye majivu, nikatega juu yake kachungu alikowekea mama vifungo vyake. Palipendeza mno. Perege wakaanza kuingia chini ya mafiga na kutoka, na mimi nikasema moyoni, mama, njoo sasa.

Nilichosahau ni kwamba majivu ya jikoni hayana mtu wa kuyachimba. Dume la perege likitaka mke huchimba shimo mchangani. Lile kubwa letu lilichagua chini ya figa la nyuma, likachota mchanga kwa mdomo na kuutema pembeni, siku mbili bila kupumzika. Mimi nikaona ni mchezo.

Ijumaa mchana nilikuwa nakula nikasikia mlio mmoja mdogo, kama mtu kavunja kijiti. Figa limebingirika, limegonga kioo cha mbele, na ufa umepanda kutoka chini hadi katikati. Maji yakaanza kutiririka juu ya sakafu, yakaingia kwenye mkeka, yakazunguka miguu ya cherehani. Nikapiga yowe. Nilibana ufa kwa viganja, maji yakapita kati ya vidole. Bibi alikuwa uani. Tangu jana yake hakuwa akila vizuri, nikidhani ana homa. Ameshika ungo anapepeta mchele uleule uliokwisha pepetwa. Alikuja anakimbia na ndoo.

"Chota, mjukuu wangu, chota turudishe!" Yeye alikwenda bombani, akarudi, akamwaga, akaenda tena. Bibi hakuwa kijana, na goti lake moja lilikuwa bovu. Maji yalizidi kushuka. Ndipo nikakumbuka bibi alivyoziba pipa letu lililotoboka: kwa sabuni ya mche. Nikachukua kipande, nikakikanda kwa mate, nikasugua ule ufa nje, na kwa kutaka kumaliza kabisa nikasugua na ndani. Maji yalipungua kweli. Nikashangilia. Kisha nikaona povu, na wale perege wakapanda juu wote kwa pamoja, midomo wazi.

Alikufa wa kwanza, wa pili. Niliwahamishia kwenye beseni la maji baridi ya bomba, wakageuka tumbo juu huko huko. Nilimshika bibi kanga nikamuuliza, "Bibi, hawa wakifa mama atarudi?" Bibi alipiga magoti kwenye yale maji, akaingiza mkono kwenye beseni, akamshika yule dume mkubwa akawa anamwendesha polepole mbele na nyuma, mbele na nyuma, apate pumzi. Alifanya hivyo mpaka fundi vioo akaingia.

Fundi alinusa tu. "Nani kaweka sabuni?"

"Mimi," bibi akasema.

Nilimtazama bibi. Hakunitazama. Fundi akavua kofia, akamwambia, "Pole sana, mama," kwa sauti ambayo niliona ni nzito mno kwa ajili ya samaki watano.

Jumamosi wajomba wakafika kutoka Lupiro kwa baiskeli, na vilio vikaanza. Mama yangu amefariki Dar. Huhitaji kuelezwa mtoto alipigaje hesabu ile. Samaki Ijumaa, mama Jumamosi. Nani aliyewaua? Na bibi anajua, maana alisema uongo pale kwa ajili yangu.

Leo najua mapambo yanavyowekwa. Nilijifunza kwa yule yule fundi nilipokuwa mkubwa, nikimwuliza swali baada ya swali bila kumwambia sababu. Jiwe linakaa kwanza, juu ya kitu bapa kwenye kioo cha chini, mbali na kuta. Mchanga unafuata, unamwagwa kulizunguka, ili samaki akichimba asilihamishe. Mawe yakipandana yanagandishwa kwa gundi ya silikoni tupu, isiyo na dawa ya ukungu, yanaachwa yakauke siku mbili nzima, kisha unayatikisa kwa mkono kabla ya maji. Gogo linawekwa kwenye maji mpaka lizame lenyewe. Na sabuni haikaribii hata ndoo. Vitu vidogo kama hivi. Nilivijua nikiwa nimechelewa.

Miaka zaidi ya ishirini nilimkwepa bibi. Nilikwenda sekondari ya bweni, likizo nikitafuta sababu za kubaki kwa shangazi. Nilipoolewa na kurudi Ifakara nilimpelekea sukari na vitenge, nikamwamkia shikamoo, nikakaa ukingoni mwa kiti dakika kumi, nikaaga. "Mbona unanikimbia, mwanangu?" aliniuliza mara moja. Nikacheka, nikasema kazi nyingi. Sikuweza kukaa mbele ya mama ambaye nilimwulia mtoto.

Bibi alifariki mwaka jana. Jioni ya mazishi nilikuwa naosha masufuria na mama mdogo, mdogo wake mama, tukikumbushana mambo ya zamani kama ilivyo desturi msibani. Akasema bila kuinua macho kwenye sufuria, "Mama alikuwa na moyo, jamani. Simu ya kifo cha dada ilikuja Alhamisi asubuhi, kwa yule fundi vioo. Bibi yako akakataza usiambiwe mpaka wajomba wafike, upate mikono ya kukushika. Siku mbili anakaa na wewe humo ndani, hatoi chozi."

Alhamisi. Siku moja kabla ya samaki. Ijumaa bibi alibeba zile ndoo, akapiga magoti kwenye yale maji, akampumulisha yule samaki, na mwanawe ameshakufa tangu jana yake. Niligeuka kumtafuta nimuulize aliwezaje, nimwambie kwa nini nilikuwa namkimbia. Nikakumbuka kwamba tulimzika saa nane mchana.