Teatre ya Stesheni, Nilivyoitazama kwa Mgongo

Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, mama mkwe wangu alisimama nyuma ya nyumba yetu ya Lubudi akaanza kumgombeza jogoo.

"We jogoo, ambia benye nyumba: kamyo haingoje batu ba kulala!"

Jogoo hakuwa na safari ya lori. Maneno yalinilenga mimi. Kwetu mwanaume hasemi na mama mkwe wake, wala hamtazami, mpaka atoe zawadi ya kufungua macho, kwa kawaida mbuzi mmoja. Zawadi yangu niliiahirisha tangu harusi, na kadiri miaka ilivyopita sote wawili tuliuona utaratibu ule kuwa mzuri. Mimi nilimjua kwa sauti na kwa visigino tu. Naye hakuwahi kunikosoa, isipokuwa kupitia kuku.

Sababu ya safari ilikuwa binti yetu Odile. Aliolewa Kolwezi na Tshibangu, mpiga akodioni. Tshibangu alizaliwa Kolwezi, na baba yake pia, lakini babu yake alitoka Kasai kuja kujenga reli, na msimu ule hilo lilitosha mtu kufukuzwa mkoani kwetu. Walikuwa wamelala stesheni na mizigo yao, pamoja na mamia ya familia, wakingoja treni isiyo na saa. Nusu ya kikundi cha maigizo cha parokia ilikuwa hapo pia. Walikuwa wamefanya mazoezi ya mchezo wa nyimbo tangu masika, Odile akiwa bibi harusi. Dereva wa kamyo ya makala, yaani makaa, alituletea habari kwamba wameamua kuucheza hapohapo stesheni, Jumapili mchana, treni ikiwaachia nafasi. Treni zile hupita Lubudi kwetu, lakini siku hizo hazikusimama, na kuona mkono dirishani si kuona mtoto. Kama tungetaka kumwona Odile kabla hajaondoka, ilikuwa lazima twende.

Njiani mama mkwe alikaa ndani, karibu na dereva. Mimi na mke wangu, Mama Odile, tulikaa juu ya magunia. Kabla ya daraja la Lualaba tulikuta kizuizi cha gogo na vijana wenye fimbo. Mmoja alitupigia kelele.

"Munaenda wapi?"

"Kuangalia teatre," nikasema.

"Teatre? Mu hii wakati?"

Mama mkwe akatoa mkono dirishani. "Muache tupite, batoto. Mi naenda kuona mujukuu wangu."

"Na ule tata kule juu ni nani yako?" akauliza kijana, maana kwetu tata ni baba.

"Mi sijamuona. Ni mukwe wangu."

Vijana walicheka mpaka fimbo zikashuka, na mmoja wao akalisogeza gogo kwa mguu. Tulipita. Mama Odile alinishika goti akaliachia tulipofika ng'ambo ya mto.

Tuliingia Kolwezi saa tano. Mimi ni fundi wa redio, na masikio yangu hufika mahali kabla ya macho. Zamani mji ule ulikuwa na mngurumo wa mashine usiokatika. Siku ile vilima vyeusi vya udongo wa mgodi vilikuwa kimya, nikasikia mbwa wa mtaa wa pili.

Stesheni haikuwa kimya hata kidogo. Watu walikuwa wamepanga masufuria, magodoro, vyerehani na vibanda vya mashuka mpaka kwenye reli. Odile alitukimbilia akiwa amevaa gauni lililoshonwa kwa pazia la sebuleni kwake. Alimkumbatia bibi yake, nami nikatazama mwanya wa reli kama inavyotakiwa.

"Nkambo," akamwambia, maana ndivyo tunavyowaita mabibi, "mama ule alikuwa anacheza mama mukwe ameenda na treni ya juzi. Hakuna mwengine anajua nyimbo yake."

"Na mi nitafanya nini?"

"Ile nyimbo ni yako. Mi niliifundisha kikundi. Njoo ucheze, Nkambo."

Niliona visigino vya mama mkwe vikigeuka kunielekea, halafu vikarudi. Katika mchezo ule mama mkwe humkimbiza mkwe wake kwa mwiko, kisha hucheza ngoma akiwa amejifunga kikwembe, kitenge chake, kiunoni. Mwanamke yeyote aweza kufanya hivyo mbele ya mji mzima, lakini si mbele yangu.

"Basi Tata ataenda kungojea kule ku soko," akasema Mama Odile polepole.

"Siendi mahali," nikasema. "Nimekuja kumsikia mtoto."

Mkuu wa kikundi, Tata Séraphin, mwalimu wa kwaya, alipata jibu. Alinigeuzia beseni pembeni mwa jukwaa, jukwaa lenyewe likiwa milango miwili iliyolazwa juu ya matofali, akanikalisha nikiwapa wachezaji mgongo. Hivyo nilianza kuutazama mchezo kwa kuwatazama watazamaji.

Mama mmoja aliyeketi juu ya fungu la sahani mbele yangu alinihurumia.

"Tata, mchezo uko nyuma yako!"

"Najua, mama."

"Sasa?"

"Bukwe," nikasema, yaani miiko ya ukweni.

"Aaah!" Safu nzima ilielewa. Mzee mmoja akavua kofia kwa heshima. Yule mama wa sahani alijipa kazi ya kunisimulia. "Sasa mukwe anaingia na kuku... Sasa kuku imekimbia, ya kweli kabisa, imeingia mu nyumba ya batu... Sasa mama mukwe anachukua mwiko. Eee, anafunga kikwembe!"

"Mama, hiyo usiniambie."

"Anazungusha kiuno, tata! Anazungusha!"

"Mama, nakuomba."

Nikaziba masikio. Watu walicheka, na sina hakika kama walimcheka yeye au mimi. Nyuma yangu akodioni ya Tshibangu ilikuwa na kitufe kimoja kilichokwama, na kila ilipofika noti ile alipiga mguu kuifunika. Kwa masikio nilijua mengi. Sikujua lililonileta: uso wa mtoto wangu akiimba.

Saa tisa na nusu treni ilipiga honi upande wa magharibi. Nyuso zilizokuwa mbele yangu zilibadilika zote kwa pamoja. Watu wakaanza kukunja mikeka. Ulikuwa umebaki wimbo mmoja, wimbo wa bibi harusi peke yake, na mama mkwe bado alikuwa jukwaani, kwa kuwa ndiye anayempeleka binti kwa mumewe. Odile akaanza. Akaimba mstari wa kwanza, na mimi nikatazama kifundo cha mguu wa yule mama wa sahani.

Ghafla ngoma ikagongwa mara moja kwa mwiko. Wimbo ukakatika.

"We ngoma," ikasema sauti ya mama mkwe, "uliza ule mwanaume: mbuzi yangu ya macho iko wapi?"

Nikamjibu jogoo asiyekuwapo. "Haijafika."

"Hii treni itaingojea? Ambia yeye atoe kile kiko mu mufuko."

Nikampa Mama Odile kila kilichokuwa mfukoni, naye akampelekea mama yake. Nilisikia fundo la kikwembe likifungwa juu ya pesa.

"Imetosha. Ageuke."

Niligeuka. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba mama mkwe wangu ni mfupi sana, sauti yake ilinidanganya miaka yote. La pili, Odile alikuwa na taji la karatasi limemwinama sikioni. Aliponiona alicheka katikati ya noti, akaishika tena, akaimba mpaka mwisho, akinitazama mimi tu. Treni iliingia na kusimama nyuma yake, na hakuna aliyeinuka kabla hajamaliza.

Walipanda behewa la mizigo. Tshibangu alipandisha akodioni, kisha mkewe. "Tata, kitufe utatengeneza siku gani?" akauliza. "Siku mtakaporudi," nikasema. Odile hakulia. Alitupungia kwa lile taji mpaka behewa likapotea machoni.

Jioni tulipata kamyo ya kurudi Lubudi. Mama Odile akamwomba mama yake atukopeshe nauli.

"Ile ni pesa ya macho," akajibu mama mkwe, "haiko ya njia." Akaitumia kulipia kiti chake ndani, karibu na dereva. Sisi tulipanda juu kwa ahadi kwamba nitamtengenezea dereva redio. Kutoka Lualaba mpaka nyumbani mama mkwe alitoa kichwa dirishani akasema nami moja kwa moja: kuhusu paa langu, kuhusu ndevu zangu, kuhusu kahawa yangu. Alikuwa na akiba ya miaka mingi.

Safari ile ilinifunza kwamba heshima ikiahirishwa mno hula siku za watu wengine. Nusu ya siku ile ya Odile niliikosa, na hiyo hairudi. Nusu nyingine niliinunua kwa pesa ile ya mfukoni, zaire milioni kumi na mbili na laki tano.