Wadenmaki Hawana Maneno

Filamu ya kwanza ya Kidenmaki niliyoitazama ilinikasirisha kabla haijafika nusu. Mpelelezi alikuta maiti ufukweni, akarudi kwake, akafungua friji, akala mkate akiwa amesimama, akazima taa. Na mke alikuwepo! Alikuwa chumba cha pili, macho wazi. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Nikamgeukia baba nikitegemea aseme kitu, lakini baba naye alikuwa ametulia tu, mikono magotini.

Kimya cha baba ndicho kilichoniuma kuliko cha Mdenmaki. Tulipokuwa tukiishi Bukavu, kabla ya kurudi Rwanda na kuhamia hapa Gihundwe, alikuwa mfasiri wa filamu katika kibanda cha video kule mtaa wa Kadutu. Iwe filamu ya Kichina, ya Kihindi au ya Kimarekani, yeye alishika maikrofoni, akakaa kando ya televisheni na kuwasemea watu wote, wanaume kwa wanawake, kwa Kiswahili chetu. Lugha zenyewe hakuzijua, wala hakuna aliyemtaka azijue. Alitazama nyuso, akajua mtu anataka nini. Jambazi wa Kichina alilalamikia bei ya sambaza, vile visamaki vya ziwani kwetu. Farasi alimuuliza bwana wake kwa nini hawapumziki Jumapili. Watu walikuja kumsikiliza yeye, filamu ilikuwa kisingizio.

Halafu mama akafariki. Alifia hospitalini hapa, jioni, wakati baba amevuka mpaka kwenda Bukavu kutafuta vitenge vya biashara yetu. Alichelewa sokoni, akakuta mpaka umefungwa. Alipovuka asubuhi, mimi nilikuwa nimeshamfunika mama. Hakuniuliza lolote, si siku ile, si baada ya maziko. Nami kila nilipotaka kumweleza, aliomba maji ya kunywa au alitoka kwenda kuangalia mbuzi. Tangu hapo maneno yake yakabaki ya lazima tu: ndiyo, hapana, asante.

Kwa hiyo mdogo wangu anayeishi Denmaki alipokuja kutuona na kutuachia flashi iliyojaa filamu za huko, zenye maandishi ya Kifaransa chini, nilifurahi kama mjinga. Nikapanga kila Jumapili baada ya ibada tutazame moja, mpaka baba ashindwe kujizuia. Nilitaka sauti yake tu, basi. Hata akimtukana farasi, sawa.

Sikujua nimeletewa watu wa namna gani. Nilijaribu ya vita: askari walilala kwenye tope, wakavuta sigara, wakatazamana. Nilijaribu ya mapenzi: mwanamume na mwanamke walikutana kwenye baiskeli, wakapendana bila kuambiana, wakaachana bila kuambiana, na mimi nikabaki nauliza waliachana saa ngapi. Ya zamani, ya wakulima na mashamba yenye upepo, ilikuwa nzuri kwa macho, siwezi kukataa. Udongo ule mbaya, na yule mtu anaulima kwa ukaidi, angeweza kuwa mtu wa Giheke, hapa jirani. Lakini naye alikuwa bubu! Hata ng'ombe wake hakumwita jina.

Ya kuchekesha ndiyo iliyonimaliza. Watu walikuwa msibani, mmoja akaangusha jeneza, wengine wakaendelea kunywa kahawa. Kila meza ya kule ina taa iliyoning'inizwa chini kabisa, na bado wanawasha mishumaa, na chini ya mwanga wote huo hakuna anayemwambia mwenzake la moyoni. Nilikasirika kwelikweli. Kwetu msiba una kelele, una watu wa kukulisha kwa nguvu.

"Papa, hii ilikuwa ya kuchekesha," nikamwambia. "Banaandika hapa: comédie."

"Ah bon," akasema, akaenda kwa mbuzi wake.

Niliapa kuirudisha flashi ile. Jumapili iliyofuata nikaweka nyingine kwa hasira tu, bila hata kuchagua. Ilikuwa ya mzee mmoja mjane, anaishi peke yake shambani. Binti yake anakuja kutoka mjini kumtembelea. Wanakula, hawasemi. Wanainuka, wanaosha vyombo, hawasemi. Kamera ikakaa nyuma ya migongo yao miwili, na tukawa tunasikia maji na sahani, maji na sahani. Nikachukua rimoti. Nilikuwa nimechoka nao. Nilikuwa nimechoka pia kukaa karibu na baba yangu kama abiria wawili wasiojuana.

"Acha," baba akasema.

Akakohoa kidogo, akanyoosha mgongo. Kisha ikatoka ile sauti ya maikrofoni, ya Kadutu, nzito, inayosukumwa kutoka kifuani.

"Muzee anasema hivi: Maman, binti yangu, ile siku, mama yako aliniulizia?"

Yule Mdenmaki hakuwa amefungua mdomo. Alikuwa anafuta kikombe.

"Musichana iko anafikiri," baba akaendelea, macho kwenye televisheni. "Anaogopa papa yake atalia mbele ya bantu. Muzee anamuambia: bantu gani? Tuko babili tu. Sema."

Binti wa kwenye filamu aligeukia dirisha. Nikangoja baba amsemee, maana katika kibanda aliwasemea wote, hakumwachia mtu sauti hata moja. Safari hii alinyamaza. Binti yule niliachiwa mimi.

Nikaweka rimoti chini.

"Musichana anajibu," nikasema, na sauti yangu haikufaa kabisa kwa kazi ile. "Anasema: Ndiyo, papa. Alikuulizia."

"Alisema nini?"

Sasa hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa ananitazama mimi, na ile sauti ya maikrofoni ilikuwa imemtoka.

"Alisema baryera ya mpaka imeshafungwa, hautavuka tena leo," nikamwambia. "Akauliza kama kule ng'ambo kuko muntu wa kukupa chakula."