Sauti ya Mama Ilihesabiwa Kelele

Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Nimewafundisha wanafunzi wa ubatizo namna ya kusamehe, na kwa sehemu kubwa nimejitahidi kuishi nilichofundisha. Kwa hiyo naandika haya nikijua ninachofanya. Nina hasira. Nimeiombea iondoke, haijaondoka, na sasa nadhani Mungu ameiacha makusudi mpaka niseme yote, pamoja na yale yanayonihusu mimi.

Binti yangu wa mwisho alipokaribia kuolewa, nilikwenda Bariadi mjini kumtafuta mtu wa video. Nilimpata mmoja si mbali na stendi, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, mpole wa maneno. Alikuwa amepata kamera mpya. Alinionyesha kama mtu anavyoonyesha ng'ombe wa maziwa, akiigeuza huku na huku na kuipigapiga ubavuni.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola tu. Baba, hii inaona hata ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Na kwenye kompyuta nina programu mpya ya kuhariri. Zamani harusi moja ilinichukua wiki mbili. Sasa nabonyeza, mikunjo inaondoka, kelele zinaondoka, mtu anabaki kama malaika."

"Malaika umewaona wapi wewe?"

"Humuhumu kwenye kompyuta, baba."

Tukacheka wote wawili. Nakikumbuka kicheko kile kwa uchungu.

Katika ukoo wetu, binti akitoka nyumbani kwenda kuolewa, bibi yake humbariki kwa maji. Mama yangu alikuwa bado hai, mzee sana, amebatizwa uzeeni mbele ya macho yangu. Aliketi kwenye kigoda ndani ya nyumba yake, akachota maji kwa kata, akayatia kinywani na kumpulizia mjukuu wake kifuani. Kisha akaanza kuwataja kwa Kisukuma wanawake wa ukoo wao, kuanzia bibi wa bibi yake kushuka chini, kila mmoja kwa jina lake na neno moja juu yake. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mtu aliyelala. Nje spika za mshereheshaji zilikuwa zinaunguruma. Mimi sikuwa ndani. Nilikaa na mchungaji na wazee wenzangu kwenye turubai, hatua kumi kutoka mlangoni, na niliona aibu kwamba nyumbani kwa mzee wa kanisa mtu anapuliza maji na kutaja wafu.

Baada ya wiki moja mtu wa video aliniita nikaione kazi kabla haijaisha. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Tulipofika kwenye maji nikamwambia asimamishe, kwa sababu niliwaza wazee wenzangu watakavyoitazama sebuleni kwangu.

"Hapo ondoa kelele. Weka kwaya."

"Kelele za nje, baba?"

"Zote."

Akashika kipanya, kisha akanigeukia. "Na bibi?"

"Bibi anaonekana. Inatosha."

Akabonyeza mara moja. Niliona mistari ya sauti kwenye kioo ikinywea mpaka ikawa bapa. Ile mashine iliipima sauti ya mama yangu, ikaihesabu kelele, na mimi nilikuwa nimeketi pale nikiitikia kwa kichwa. Kwaya ikaingia. Nikasema nimeridhika, nikaweka sahihi kwenye daftari lake.

Mama alifariki wakati wa kuvuna pamba mwaka uleule. Tulimzika kwa amani, nikamshukuru Mungu kwa maisha marefu aliyompa.

Miezi michache baadaye binti yangu alinipigia simu kutoka Maswa anakoishi na mumewe. Alikuwa mjamzito.

"Baba, naomba ile video ya bibi. Siyo yenye kwaya. Yenye maneno. Mtoto akiwa wa kike, jina lake la nyumbani linatoka kwa wale aliowataja."

"Si uliyasikia mwenyewe?"

"Nilikuwa nalia, baba. Nilifunikwa khanga kichwani. Sikuhangaika kuyashika, nilijua yamerekodiwa."

Niliwauliza wanawake waliokuwa ndani siku ile, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alinijibu vilevile: alijua yamerekodiwa. Nyumba ilikuwa imejaa watu wenye masikio mazima, na wote waliiachia kamera isikilize kwa niaba yao. Ni mama peke yake aliyeyajua yote. Mimi mwanawe sikuwahi kumwuliza hata siku moja.

Nikarudi Bariadi. Mtu wa video alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Baba, sina. Hii kamera inarekodi picha nzito, harusi moja inajaza diski. Mteja akisharidhika, nafuta, narekodi nyingine."

"Bila kuniuliza?"

"Ulisaini, baba."

Niligonga meza yake mpaka kikombe cha chai kikaanguka. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia, na katika umri wangu sikujua kwamba bado nilikuwa nayo. Alivumilia yote. Na kwa kuwa si mtu mbaya, alikaa akifikiri namna ya kunifariji. Siku ya tatu akanipigia: nije, amepata njia.

Nilikwenda kwa bodaboda nikisali njia nzima. Nilidhani ameipata sauti. Akanikalisha, akanivisha vile visikilizio vya masikioni, akabonyeza. Mama yangu akanishukuru kwa Kisukuma kama mwanawe: "Wabeja sana, ng'wanone."

Machozi yalinitoka. Nikamwuliza aliitoa wapi.

"Pale mlangoni aliponitania nisimpige picha akila, kipande hicho kifupi nilikuwa nimekipost mtandaoni, nikakipakua. Programu imejifunza sauti yake humo. Haya aliyosema sasa hivi hakuyasema, baba. Nimeyaandika mimi." Akanisogezea karatasi na kalamu. "Wewe niandikie majina unayoyataka, bibi atayataja. Yale yaliyopotea, weka yanayofanana fanana. Nani atajua?"

Nilivivua vile visikilizio kama mtu aliyeng'atwa na nyuki.

"Nimwandikie mama yangu la kusema? Mimi?"

"Ni kwa ajili ya mtoto, baba."

"Mtoto apewe jina la mtu asiyekuwapo, kwa kinywa cha mtu asiyesema? Futa. Futa sasa hivi nikiona. Hicho unajua kukifanya!"

Akafuta. Nikamwambia anipe ile picha ya maji bila kwaya, isiyo na sauti yoyote. Akaniwekea kwenye flashi, akanisindikiza hadi barabarani.

Mdogo wake mama anaishi Lingeka, huko Meatu. Ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa bibi yangu. Kwenye harusi hakuja kwa sababu ya miguu. Nilikwenda na binti yangu, tumbo likiwa kubwa, tukabeba kompyuta ndogo ya mumewe. Tuliiweka juu ya gunia la mtama mbele ya mama mdogo. Alitazama uso kwa muda.

"Huyu nani?"

"Dada yako, mayu."

"Acha utani. Dada yangu alikuwa na mikunjo kama jani la tumbaku. Huyu ni msichana kapakwa mvi."

Ile programu ilikuwa imemlainisha mama uso wote. Nikaona hasira inarudi. Lakini mama mdogo alikuwa ameshusha macho.

"Ngoja. Mikono ni yake."

Mikono programu haikuisafisha. Tukaona tulichokuwa hatujakiona hata mara moja: juu ya ile kata aliyoilaza mapajani, kila alipotaja jina, mama alikunja kidole. Mama mdogo alihesabu naye, akikunja vyake. Saba. Akatufanya turudie, na kurudia tena. Kwenye kidole cha pili mama alitabasamu, na mama mdogo akasema kwa hakika ni yule aliyewatoroka wezi wa ng'ombe akiwa na mtoto mgongoni. Kwenye cha tano mama alijifuta jicho. Huyo, akasema, alikufa akijifungua. Mama mdogo aliwatambua wanne kwa majina, na binti yangu akawarudia kwa sauti mpaka akawashika. Watatu hakuwajua.

"Na wewe ulikuwa wapi?" akaniuliza.

"Nje, mayu. Kwenye turubai."

"Mbali?"

"Hatua kumi."

Akaniangalia hadi nikatazama chini. "Mwanaume umesoma mpaka ukaota mvi," akasema, "ukashindwa hatua kumi."

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na anaitwa jina la kidole cha pili. Nilimbariki mwenyewe, ndani ya nyumba ya mama, kwa maji ya ile kata. Mchungaji alikuwapo. Nilikunja vidole saba, nikataja wanne. Kwenye vile vitatu nilinyamaza, kila kimoja kwa zamu yake. Mungu anawajua. Mimi ndiye nisiyewajua, nami ndiye niliyesema inatosha.