Kalyipa na Dume Mweusi wa Jekshen

Kule malishoni, milimani juu ya mji wa Naryn huko Kirigizi, Kalyipa alisifika kwa makalio yake, na halikuwa tusi. Akikaa juu ya farasi hatua kumi tu, alikwambia kama ni wa jorgo, yule anayetupa miguu ya upande mmoja kwa pamoja, mgongo ukatulia hata bakuli la maziwa lisimwagike, au ni wa kudunda, anayekurusha mpaka figo zikalia. Kazi hiyo alifundishwa na marehemu mumewe.

Jekshen, mdogo wa marehemu, alinunua farasi dume mweusi, akataka awe wa jorgo kabla ya mashindano ya Agosti.

Kalyipa akapapasa kifundo juu ya kwato. "Hiki kimesimama kama kigingi. Kila hatua inapanda moja kwa moja mgongoni. Jorgo huzaliwa, mdogo wangu. Huyu atakutikisa mpaka kaburini."

"Umezeeka, shemeji. Tazama nikufundishe."

Kesho yake asubuhi Jekshen alimfunga dume kamba, mguu wa mbele na wa nyuma, upande huu na upande ule, ili aitupe kwa pamoja, akamchapa. Dume akaanguka. Jekshen akaendelea kumchapa pale chini, usoni, mpaka damu ikamwingia machoni.

Kalyipa akaja mbio na kisu.

"Toka hapa, mwanamke!"

Mpini wa mjeledi ukamtua ubavuni. Aliusikia mfupa ukivunjika. Akamtwanga Jekshen kichwa cha pua, akajitupa chini, akakata kamba. Dume akainuka akirusha miguu ya nyuma. Kwato zote mbili zikamwingia Jekshen tumboni.

Simu hazikushika kule juu, na zahanati ilikuwa mwendo wa saa nne. Kambini walibaki farasi wawili tu: huyo dume, na jike mzee wa Kalyipa, jorgo safi. Kalyipa alijua fika farasi yupi atamfanya nini mtu aliyeumia. Akamfunga Jekshen juu ya jike. Yeye akapanda dume.

Kila hatua ilikuwa nyundo. Aling'ata ukanda wa ngozi, akatema damu, akamlaani farasi, mwenye farasi na ukoo mzima alikoolewa.

"Shemeji," Jekshen alikoroma, "mbona umenipa jike wako?"

"Nyamaza, mbwa wee. Ukifa njiani nitakuua."

Hakufa. Zahanati iliwapeleka hospitali, madaktari wakamtoa Jekshen bandama, akapona. Kalyipa ndiye aliyelala hospitali wiki kumi na moja, maana njiani mfupa ulikuwa umetoboa pafu. Hakupanda tena farasi kwa kasi. Akawa anafundisha farasi akiwa amesimama chini, akisikiliza kwato.

Majira ya baridi Jekshen alikuja mlangoni kwake akimkokota yule dume, mkewe nyuma.

"Nimekuletea, shemeji. Ni wako. Nisamehe."

Kalyipa alishika hatamu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ukaenda mdomoni kwa Jekshen, jino likaanguka kwenye theluji. Mkewe akapiga ukelele. Jekshen hakuinua mkono.

"Haya," Kalyipa akasema, akihema kwa maumivu, "ingieni ndani. Chai inapoa."