Eda Yangu, Safari ya Hajar

Mwanangu Hajar kazi yake ni vitabu vya Wachina na vya Wazungu. Nikisema hivyo hapa Ibra, Oman, watu huuliza kontena lake linafika lini. Si biashara. Huviweka vitabu vya kale vya pande mbili hizo kandokando, akatazama kila upande ulisema nini juu ya wazee na watoto wao. Alianzia Beijing, akamalizia Uingereza. Aliporudi alifundisha vipindi vya kushikiza tu, hapa na pale, mpaka chuo kimoja cha Nizwa kikamwita kwenye usaili wa kazi ya kudumu, somo lake hasa.

Siku nne kabla ya usaili, baba yake akafariki. Chuo kikasema hakiahirishi.

Mimi nikaingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani. Wifi yangu Shukriya akahamia kwangu, na asubuhi ya usaili alipomwona Hajar anapiga pasi abaya, akauliza, huku akinitazama mimi, ni binti gani anayekimbilia kazi na kaburi la baba bado bichi.

Hajar akamweleza kwa adabu kwamba zamani mtu wa serikali ya Kichina akifiwa na baba aliacha kazi miaka mitatu.

"Unaona? Hata Wachina wanajua," Shukriya akasema.

"Lakini mimi Muislamu, shangazi. Zangu ni siku tatu, na jana zimekwisha. Eda ni ya Mama."

Wifi akanigeukia. Kweli nilitaka abaki. Macho yamemvimba kwa kulia, na njia ya Nizwa kupitia Sinaw ni ndefu. Mitihani yake yote ya hapa nilimsindikiza, nikamngoja garini. Leo siwezi kutoka. Nikajua nikisema neno moja atabaki, kazi itakwenda kwa mwengine, na lawama itakuwa yangu.

"Wifi, kaa na mimi," nikasema. "Mwache aende. Wakikuuliza, waambie nimemtuma mimi."

Hajar akanibusu kichwa, akatoka.

Alipiga simu baada ya adhuhuri. Walipomuuliza juu ya haki ya mzazi alilia mbele yao, akanywa maji, akaendelea mpaka mwisho.

Shukriya akataka kujua kama kapata kazi. Nikamwambia majibu bado, ila amefika, na maswali yao ameyajibu yote.